Mchanga Kwanza: Shajara ya Kufagia Mita 840 za Kariakoo Alfajiri

Eneo la kazi ni barabara moja ya lami Kariakoo, Dar es Salaam, upande unaoteremkia bonde la Jangwani. Urefu mita 840 kwa kamba ya kupimia, upana wa lami mita 7. Upande mmoja una mtaro wa wazi wenye upana wa sentimita 50 na kina cha 60. Upande wa pili mtaro umefunikwa kwa mifuniko ya zege. Wafagiaji ni 6, wasukuma toroli 2, na mmoja wa chepe na mtaimbo. Muda ni wiki 9, kuanzia Februari kaskazi ingali inavuma hadi masika yashike. Lengo limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa mstari mmoja: mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, maji yapite mtaroni, yasiingie dukani.

Wiki ya 1, Jumatatu

Kuanza saa 10 na nusu alfajiri. Barabara imegawanywa vipande 6 vya mita 140 na alama za chokaa zimepigwa kwenye kabstoni, yale mawe ya ukingo wa barabara. Kipande cha 1 ni cha juu, cha 6 kinatazama bondeni. Kila mfagiaji amepewa chake na hatahamishwa. Aliyezoea kipande kimoja anajua gizani shimo liko wapi, mfuniko upi unacheza ukiukanyaga, na lori la mizigo huegesha upande gani.

Karatasi, maboksi, kamba za marobota ya mitumba na chupa za maji vilikuwa vimeondoka vyote kabla ya saa 12. Ukitazama kutoka ghorofani ungesema barabara imetakata. Kulipopambazuka ndipo kazi yenyewe ikaonekana: mchanga umelala kando ya kabstoni pande zote mbili, upana wa shubiri moja na nusu kwa wastani, kina sentimita 3. Juu ni vumbi laini. Chini umegandamana kama udongo wa tofali, na fagio linapita juu yake likipapasa tu.

Barabara nyingi hufagiwa hivyo. Karatasi inaonekana, basi inaokotwa. Mchanga una rangi ya barabara, unaachwa, na huo ndio unaoziba mtaro. Chupa tupu ikitumbukia mtaroni peke yake inaelea na kwenda zake. Inakwama pale tu inapokutana na tuta la mchanga, halafu nayo inakamata inayofuata. Kwa hiyo mpango wa Jumatatu umefutwa: kuanzia kesho mchanga kwanza, karatasi baadaye.

Wiki ya 1, Jumanne na Jumatano

Kukwangua. Jembe linatangulia likivunja tabaka gumu, chepe bapa linafuata, fagio mwisho. Jembe likishikwa wima linang'oa lami, hasa pale ilipokwisha kupasuka. Linalazwa karibu sawa na ardhi na kuvutwa kuelekea mwilini kwa mikono miwili.

Jumanne zimetoka ndoo 61 za lita 20. Ndoo ya mchanga mkavu ni kilo 30 hivi, kwa hiyo ni karibu tani 1.8, na yote hayo ni ya mita 130 za kabstoni. Barabara ina mita 1,680 za kabstoni ukihesabu pande zote. Kwa mwendo huu ni siku 13 za kazi kabla mtaro haujaguswa. Imekubaliwa hivyo hivyo.

Kosa la Jumanne: mchanga ulijazwa kwenye salfeti za mchele mpaka shingoni. Salfeti ya aina hiyo ikijaa mchanga inapita kilo 90. Mbili zilipasuka mshono wa chini zikiinuliwa, moja ikamwagika palepale ilipokuwa imezolewa. Kanuni mpya ni ndoo moja kwa kila salfeti, yaani theluthi ya mfuko. Inaonekana kama kupoteza mifuko, lakini mtu mmoja anaibeba bila kuomba msaada na migongo ya watu haiharibiwi na kazi. Toroli nayo haipakiwi zaidi ya ndoo 3. Ikipakiwa 5 tairi linalala, na toroli yenye tairi lililolala hata tupu ni mzigo.

Wiki ya 1, Alhamisi: mafagio

Kati ya mafagio 12 ya chelewa yaliyonunuliwa, 7 yamekwisha kufumuka. Njiti zinachomoka moja moja na kuwa taka nyingine ya kufagia. Yamefunguliwa yote kutafuta chanzo. Njiti zilifungwa mbichi, tena kwa kamba ya nailoni. Njiti mbichi imejaa maji. Ikikauka inasinyaa, na nailoni haijikazi kuifuata, kwa hiyo kamba inabaki imeshika hewa.

Kwa kuwa sasa zimekauka, zimefungwa upya. Fungu moja ni njiti 250 hadi 300, kiasi ambacho kiganja kipana kinakizunguka na kidole gumba kikagusa cha kati kwa taabu. Vitako vya njiti vinagongwagongwa sakafuni mpaka vilingane. Kamba ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe wa sentimita 3. Inavutwa kwa nguvu kila mzunguko, fundo la kwanza vidole vinne kutoka kwenye vitako, la pili shubiri moja chini yake. Kisha mpini uliochongwa ncha unapigiliwa katikati ya fungu. Mpini huo ndio kabari: unazisukuma njiti nje, tyubu inazirudisha ndani, na fagio linakaza. Asubuhi kabla ya kazi kichwa kinalowekwa kwenye ndoo ya maji dakika 10. Njiti kavu zikinywa maji zinanenepa na kukaza zaidi, tena hazikatiki ovyo.

Urefu wa mpini umeleta ubishi. Fagio fupi la kuinamia linaumiza kiuno, hilo halina mjadala. Lakini mpini wa mita 1.3 ukifika pembeni mwa kabstoni unakosa nguvu, ncha zinateleza juu ya mchanga. Imeamuliwa kila mtu awe na mafagio mawili. Refu jipya, lenye njiti za sentimita 80, ni la karatasi na majani. Kuukuu lililolika hadi sentimita 45, kwenye mpini huohuo mrefu, ni la mchanga, maana njiti fupi haziyumbi. Makuukuu yaliyotupwa kwenye toroli Jumatatu yameokotwa yote.

Wiki ya 2

Mpangilio umetulia, unaandikwa hapa ili asiyekuwapo aufuate.

Saa 10:30 kukusanyika, kuvaa reflekta, glavu, gambuti na barakoa. Kanga puani inazuia mchanga wa kuonekana, haizuii vumbi laini, na hilo ndilo linaloshuka kifuani. Tochi za kichwani zinawashwa pale tu taa za barabarani zilipokufa, maana mwanga wa tochi unawapofusha madereva wa malori yanayoshusha mizigo. Mfagiaji anafanya kazi akielekeza uso magari yanakotoka. Anayefagia kwa mgongo anategemea huruma ya dereva ambaye hajalala.

Fagio linaanza katikati ya lami kwenda kabstoni, halafu linafuata kabstoni. Alfajiri kaskazi huwa imelala. Kikivuma kitu ni kijiupepo chepesi cha kutoka bara, na kila kipande kinaanzwa upande upepo unakotoka ili vumbi litangulie mbele ya mtu. Umande unasaidia kuliko ndoo ya maji, kwa sababu unalowesha ngozi ya juu tu ya mchanga, na vumbi linatulia. Jumatano ilijaribiwa kunyunyiza maji na ndoo moja ikamwagwa mahali pamoja. Ukapatikana uji, na uji haufagiliki. Kunyunyiza kubaki kwa siku kavu kabisa, kwa chupa iliyotobolewa kifuniko.

Vichungu vya taka vinawekwa kila baada ya mita 15, nusu mita mbali na mdomo wa mtaro. Toroli isiachwe nyuma zaidi ya vichungu viwili. Kichungu kilichosubiri nusu saa hakipo tena: bajaji imekipitia, kuku wamekipekua, au muokota chupa amekitawanya akitafuta zake, wala huwezi kumlaumu, anatafuta riziki kama wengine.

Adhana ya alfajiri hulia saa 11 na robo hivi siku hizi. Ikilia, kila kipande kiwe kimevuka nusu. Asiyevuka anasaidiwa na jirani yake wa chini, kwa sababu kazi ikichelewa juu inaharibu ya chini.

Gizani jicho halisaidii sana, sikio ndilo linalokagua. Fagio kwenye mchanga linakwaruza kwa sauti nzito, kwaru, kwaru. Mchanga ukipungua sauti inakuwa nyembamba. Ikifika lami tupu inageuka shwaa, shwaa, kama mvua ya mbali juu ya makuti. Aliyezoea hasogezi mguu mpaka sauti ibadilike. Ukisimama Kipande cha 3 unasikia mafagio sita kwa mara moja, na unaweza kutaja nani yuko kwenye mchanga na nani amemaliza.

Kati ya saa 12 kasorobo na saa 12 na robo barabara inakuwa tayari na haijaguswa na mtu. Lami imebaki na michirizi ya njiti, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya changu. Hapo mafagio huegemezwa ukutani na maongezi hukatika yenyewe. Dakika tatu, nne. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, ndara zake zinaacha mstari wa kwanza, na siku inaanza. Michirizi hiyo ina kazi pia: ndiyo ripoti ya ukaguzi. Ikiwa imefuatana bila pengo, mtu alifagia hatua kwa hatua. Ikiruka mita moja moja, alikuwa na haraka, na mchanga utakuwapo pale.

Wiki ya 3

Kabstoni zote zimefikiwa Jumanne, siku 13 kama ilivyohesabiwa. Sasa mtaro.

Mfuniko mmoja una sentimita 60 kwa 50, unene 8, uzito karibu kilo 58. Unainuliwa na watu wawili: mtaimbo unapenyezwa kwenye ufa, mfuniko ukinyanyuka tu kipande cha mbao kinasukumizwa chini yake. Vidole haviendi pale mbao haijaingia. Si lazima kufungua yote. Ukifungua mmoja kila baada ya miwili, jembe lenye mpini wa mita 2 linafika kote na kuvuta tope hadi kwenye uwazi.

Tope lina matabaka, kama keki. Juu ni mchanga mpya wenye visoda na vijiti vya mishikaki. Katikati ni tope jeusi lenye harufu ya mayai viza, limejaa chupa zilizobonyea. Kule chini kabisa, limeshikana na sakafu ya zege, kuna viroba vya pombe na mifuko ya rambo iliyokunjamana. Viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Baadhi huenda vilisombwa baadaye kutoka kwingine, lakini wingi wake unatosha kueleza sakafu hii imekaa gizani muda gani.

Tope halianikwi ukingoni mwa mtaro. Hili limeandikwa kwa wino mwekundu, kwa kuwa ndilo kosa la kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi wa pamoja. Watu wanajitokeza kwa moyo mmoja, wanazibua mtaro, wanarundika tope pembeni likauke, wanakwenda kufungua maduka. Likikauka linakuwa vumbi, likinyeshewa linarudi lilikotoka. Hapa linawekwa kwenye salfeti zilizotobolewa matundu chini, zinasimamishwa dakika 40 zichuje, kisha linaondoka siku hiyohiyo kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi pamoja na taka nyingine. Mchanga mkavu wa kabstoni, uliochekechwa vioo na misumari, hauendi dampo. Unafukia mashimo ya vichochoroni.

Gari la taka lilichelewa siku mbili wiki hii. Salfeti 38 zilikaa barabarani na mbili zikachanwa na mbwa. Tangu sasa tope linatolewa kulingana na nafasi iliyopo garini, nguvu za watu zisitangulie gari.

Wiki ya 4

Ndoo zinahesabiwa kwa kila kipande, na hesabu imeanza kusema. Kwa siku moja ya kawaida barabara nzima sasa inatoa ndoo 24. Kipande cha 3 peke yake kinatoa 11.

Mfagiaji wa pale alikuwa akisemwa kwamba ni mvivu. Kumbe yeye ndiye anayefanya karibu nusu ya kazi yote. Kipande chake kina midomo miwili ya mchanga: kichochoro cha udongo kinachoingia barabarani, na jengo la ghorofa linalojengwa, ambalo mchanga na kokoto zake zimemwagwa moja kwa moja kwenye lami. Kila tairi linalopita linatwaa kidogo na kukigawa hadi Kipande cha 5.

Hatua mbili. Rundo la mchanga wa ujenzi limezungushiwa mbao za kimo cha sentimita 40, na fundi mkuu amekubali lirudishwe ndani ya mbao kila jioni. Mdomo wa kichochoro umewekwa kokoto: urefu mita 5, upana 3, unene sentimita 10, yaani mita za ujazo 1.5. Tairi likipita juu ya kokoto linatikisika na kuangusha udongo hapo kabla halijafika lami. Kufikia Jumamosi Kipande cha 3 kimeshuka hadi ndoo 4.

Mtu akiuliza kwa nini tusikodi gari la kufagia, jibu liko barabarani. Brashi ya gari inafanya kazi pembeni mwa kabstoni, na hapa pembeni mwa kabstoni kuna malori, meza za wamachinga na mikokoteni usiku kucha. Gari lingefagia katikati, ambapo hapana mchanga.

Wiki ya 5

Majivu. Mama lishe watatu wa Kipande cha 4 wanamwaga majivu na maji ya mchele mtaroni, na mchanganyiko huo ukikauka unashika kama saruji dhaifu. Kugomba hakujasaidia popote. Limepelekwa debe lenye mfuniko kwa kila mmoja. "Shikamoo mama. Majivu yatie humu, hata yakiwa ya moto, tutayapitia alfajiri." "Marahaba. Na likijaa kabla hamjaja?" Swali la haki, maana jiko la supu linaanza saa 9 usiku. Limeongezwa debe la pili.

Vifuu vya madafu visichanganywe na karatasi. Ni vizito, vinatoboa salfeti, na kila kimoja kinashika maji kama kikombe. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, anataga kwenye maji kiasi hicho. Vinapasuliwa kwa panga na kulazwa kifudifudi hadi guta livibebe.

Kamba za marobota zimezunguka ekseli ya toroli namba 2 mara mbili. Zikatwe vipande vifupi kabla ya kuzolewa.

Wiki ya 6

Ramadhani. Taka za usiku zimebadilika: maganda ya matikiti, mihogo, nyuzi za maembe. Zina maji, kwa hiyo salfeti zijazwe nusu. Watu wako macho kwa daku, na barabara haina ule ukimya wake. Wafagiaji wanaofunga wameomba kuanza saa 9 na nusu ili wamalize mapema, na wengine wote wakawafuata. Ndoo za mchanga: 12 kwa siku.

Wiki ya 7, Alhamisi: mvua

Imenyesha kuanzia saa 8 usiku kwa saa moja na ushei, mvua ya kweli ya masika. Hakuna kufagia. Watu wote walisimama kwenye vipande vyao na tochi kutazama maji yanavyokwenda, maana mvua ndiyo mkaguzi wa kazi hii.

Kipande cha 1 hadi cha 4 maji yamepita mtaroni, kina chake cha juu kabisa sentimita 35, rangi ya chai ya maziwa. Kipande cha 6 vivyo hivyo. Kipande cha 5 kimeshindwa. Maji yalirudi nyuma na kutanda barabarani kwa mita 30, yakafika kizingiti cha maduka mawili. Hayakuingia, ila yalibakiza vidole viwili.

Asubuhi mfuniko ulipofunguliwa chanzo kilionekana mara moja. Mbele ya duka moja kuna daraja la zege la kupitishia mizigo, na aliyelijenga aliacha njia ya maji ya sentimita 20 badala ya 50. Chupa 4 na kipande cha turubai vilitosha kuifunga. Mchanga haukuwapo kabisa. Sakafu ilikuwa nyeupe.

Wiki ya 7, Jumamosi

Daraja haliwezi kuvunjwa bila ruhusa, na ombi limepelekwa ofisi ya kata. Kwa sasa umewekwa wavu wa nondo za milimita 12, mita moja kabla ya shingo hiyo, umeinamishwa ili taka zipande juu yake badala ya kuubana. Nafasi kati ya nondo ni sentimita 5. Iliyojaribiwa kwanza ilikuwa 2, na majani ya mwarobaini yaliifunga kwa usiku mmoja. Wavu unatolewa taka kila alfajiri kabla ya kufagia. Usiposafishwa ni mbaya kuliko kutokuwapo.

Wiki ya 8

Kazi ya masika ni kazi nyingine. Mchanga uliolowa haufagiwi kwa fagio refu, kwa kuwa njiti zinalala na kuupaka tu. Ndoo yake ni karibu kilo 40, kwa hiyo toroli ndoo 2. Maji yasubiriwe yateremke, kisha chepe bapa lipite kando ya kabstoni, na fagio kuukuu limalizie. Mafagio yakirudi yaning'inizwe kichwa chini. Yakiegemezwa yamesimamia njiti zikiwa mbichi, yanapinda upande mmoja na hayanyooki tena. Manne yameharibika hivyo kabla ya kugundulika.

Mvua mbili kubwa zaidi. Kipande cha 5 maji yalipanda hadi ukingo wa mtaro, yakashuka.

Wiki ya 9

Makabidhiano kwa kikundi kitakachoendelea. Mafagio marefu 9, makuukuu 14, machepe 3 (moja limelegea mpini), mtaimbo 1, majembe 2, toroli 2, salfeti 110. Mchanga wa siku kavu ni ndoo 8 hadi 10. Ukipanda ghafla, msilaumu mfagiaji, tafuteni nani amemwaga kifusi. Kokoto za mdomo wa kichochoro zimezama kwa sentimita 4, zinahitaji toroli 8 hadi 10 za nyongeza.

Leo saa 12 kamili michirizi imefuatana kutoka Kipande cha 1 hadi cha 6 bila kukatika, isipokuwa mita mbili mbele ya daraja la zege, ambapo paka alilala na mfagiaji akampita pembeni.

Kesho kitangulie kipande cha 5, wavu. Toroli namba 2 haina upepo.